Kuku Asiye na Firigisi

Mjukuu wangu Akinyi,

Barua yako niliichukua posta Ijumaa. Sote tu wazima. Kikohozi cha babu yako kimepungua, na mdogo wako amerudi shuleni Asumbi.

Unauliza kama ni uvivu kuagiza chakula hotelini kikaletwa nyumbani. Uvivu, kwa maana kamili, ni kuacha kazi unayoiweza kwa sababu huipendi. Uchovu ni jambo jingine.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilikuwa muuguzi Migori. Siku moja nilitoka zamu nikiwa hoi, nikaambiwa baba mkwe yuko njiani. Niliagiza kuku wa mchuzi kwa mama mwenye hoteli jirani, nikamhamishia kuku huyo katika chungu changu na kumpasha moto, kwa kuogopa kuitwa mke asiyefaa.

Unajua kwetu firigisi huwekewa mzee. Baba mkwe alikoroga bakuli, akakoroga tena.

“Nyar Kendu,” akaniita kwa jina la nilikozaliwa, “kuku huyu aliishi vipi bila firigisi?”

Nikakiri. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

“Ungesema tu umechoka, binti yangu. Ningekula hata uji.”

Alimaliza bakuli lote. Aibu niliyobaki nayo ilitokana na kile chungu, wala haikutokana na hoteli.

Basi agiza, na useme umeagiza. Ila jambo moja bado sijalitatua: babu yako alishinda nyumbani siku ile nzima; mbona hakuna hata mmoja wetu aliyemtazamia yeye apike?