Chale Tatu na Kidonda Kimoja

Karantini, Tunduma

Kwa dada yangu Tusekile, Mbebe,

Barua hii ikikunukia moshi usishtuke. Hapa nilipo hata karatasi inafukizwa kabla ya kuruhusiwa kusafiri. Nakusalimu sana, na nyumba yote, na baridi ya milima yetu isiwe imewazidi. Mama je? Bado anaweza kumeza uji? Bado anauliza Simoni amefika wapi? Nimeliweka swali hili mbele ili Mwinjilisti asije akachoka kabla ya kulifikia.

Na wewe Mwinjilisti, asante kwa kumsomea dada yangu. Soma yote. Mahali pa aibu, kohoa kidogo kisha endelea.

Dada, neno lako kwamba Mama hainuki tena kitandani na ananitaja lilinikuta Ndola, kwenye kazi yangu ya utingo. Tajiri wa lori alitokwa machozi nilipoaga. Si uongo. Mwaka ule wa mvua kubwa lori lilirudi nyuma mlimani, breki zimekufa, mimi nikaliwekea bega. Dereva akashuka, akavuta sigara hadi mwisho, ndipo akaenda kutafuta jiwe. Mtu kama huyo haachiwi aondoke hivi hivi.

Nikaenda kwanza kwenye basi la Serikali, nisafiri kama mtu mzima. Siku hizi kuna ndui, na basi hilo lina sheria kuliko kanisa. Madirisha wazi, hakuna kusimama, kila abiria aandikwe jina na alikotoka. Kondakta akanyoosha mkono. "Cheti cha chanjo."

"Cheti ni mimi mwenyewe," nikamwambia. "Nitazame."

"Nimekutazama, mzee. Shuka."

Kupata cheti ni kupanga foleni, uchanjwe, ungoje siku kadhaa kidonda kionekane, ndipo upewe karatasi. Nikamfikiria Mama. Nikavuka barabara nikapanda lori la mtu binafsi, juu ya magunia ya mahindi. Huko hakuna aliyeuliza kitu ila nauli. Na wote waliokataliwa na basi niliwakuta humo humo, tumebanana kama kuni. Dada, nimelifikiri sana jambo hili. Sheria waliipandisha basi, ndui ikapanda lori.

Jirani yangu kwenye magunia alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu, mtu wa makamo kama mimi, anatetemeka juani. "Mpepo, mudala," akaniambia kwa Kibemba, yaani baridi, mzee. Nikasema ni malaria tu, nimeziona malaria za kila rangi. Nikamgawia blanketi langu, tukanywa togwa kikombe kimoja. Akaniambia anakwenda kwa mama yake.

Kabla ya kizuizi cha Tunduma dereva akasimama. "Wasio na vyeti shukeni, zungukeni porini, tukutane mbele." Wakashuka karibu wote, na yule mchuuzi akijikokota. Mimi nikabaki. Simoni azunguke porini kama mwizi wa mbuzi? Na mkono wangu ninao!

Bwana Afya wa hapo ni Mnyiha wa Ihanda, kijana mpole, kofia imemzidi kichwa. Akauliza, "Umechanjwa?"

"Mara tatu!"

Nikapandisha mkono wa shati mbele ya watu wote. Akainama, akatazama, akakuna kidevu.

"Mzee wangu, hizi ni chale. Umechanjiwa nyoka."

"Na tangu siku hiyo nyoka hajanigusa!"

"Ndui haitambai, mzee."

Watu wakacheka mpaka dereva akashika usukani asianguke. Lakini mimi nilijibu nilichoulizwa. Aliuliza nimechanjwa, na nimechanjwa.

Kicheko hakijaisha, askari akaja mbio. Yule mchuuzi ameonekana kando ya njia ya porini, amekaa chini, hawezi hatua moja, na uso umeanza kutoka vipele. Bwana Afya akauliza nani alikaa naye. Mimi nikashusha mkono wa shati, nikaanza kufunga kifungo. Ni mama mmoja aliyeninyooshea kidole. "Huyu mzee. Walijifunika blanketi moja."

Wakatukusanya wote, na dereva wetu, tukawekwa kwenye vibanda vya nyasi nje ya mji. Mkono wangu wa pili ukachanjwa chanjo ya Serikali. Umevimba kuliko mikono yote humu, Bwana Afya huleta wenzake kuutazama. Lakini amesema chanjo yangu imechelewa, huenda ndui iliniwahi, kwa hiyo nikae wiki mbili.

Sasa nisikilize. Ua wa hapa ni wa mabua, na mlinzi hulala mchana. Milima yetu ya Ileje naiona nikitoka kunawa uso. Siku ya tatu nilifunga mzigo, maana wiki mbili ni nyingi kwa mtu aliye kitandani. Kabla sijatoka wakampitisha mchuuzi kwenye machela, amefunikwa mpaka usoni. Aliyeandika jina lake alituuliza mama yake anakaa kijiji gani, apelekewe habari. Hakuna aliyejua. Nilikunywa naye kikombe kimoja na sikumuuliza. Nikafikiri, huyu naye alikuwa anawahi. Angefika, angemkumbatia mama yake na mpepo wake.

Nikafungua mzigo.

Watu wa chanjo wakifika Mbebe msikimbilie porini. Toeni mikono, na Mama atolewe wake palepale kitandani. Na mkiulizwa mmechanjwa, msijibu haraka kama mimi. Ulizeni kwanza, chanjo ipi?

Mama akisema Simoni amechelewa, msimdanganye kwamba gari limeharibika. Mwambieni yupo Tunduma, anaona milima, na hajazuiwa na ua. Mwambieni pia namwomba radhi, maana hapa ninatoa siri yake. Ni yeye aliyenipeleka kwa mganga mwaka ule ninaondoka, nichanjwe ili njia isinidhuru. Kohoa, Mwinjilisti. Na njia haikunidhuru miaka yote hii. Amngoje mwanawe wiki mbili. Akishindwa kungoja, wewe dada umshike kwa mkono wako, useme ni wangu.

Nisalimie shemeji Yohana mwezekaji, shangazi Atupele mkunga, na binamu Asegelile anayebisha kila nisemalo, kidonda nitamwonyesha.

Ni mimi mdogo wako,
Simoni, mwenye chale tatu za Mama na kidonda kimoja cha Serikali.