Nimehama, Sijafukuzwa

Jumatatu, 1 Septemba
Mashine yangu ya kukamua imewaka alfajiri. Alizeti ya Kibakwe imetoa mafuta mazuri, mashudu, makapi yanayobaki, yote yamebebwa na wafuga kuku wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma. Jioni darasani, nguo bado zinanuka mafuta. Mwaka mzima nasoma MBA hii kwa jasho langu; wenzangu wanalipiwa na ofisi.

Leo kikundi chetu kimewasilisha. Hesabu zote nimepiga mimi. Lameck, wa wizarani, kasimama na tai yake, kazisoma kama zake. Mhadhiri kampongeza. Lameck akanigeukia: "Na Mama Mashudu tunamshukuru kwa kuchapa." Darasa likacheka.

Kuchapa! Hata asilimia hajui inatoka wapi. Nangoja tu jibu la chuo nilichoomba Dar.

Ijumaa, 5 Septemba
Wamenichukua.

Chuo kile ambacho mabosi wa mabenki wanakitaja kwa kushusha sauti. Nusu ya ada wanalipa wao. Nimepiga kelele mashine ikiunguruma, hakuna aliyesikia. Najivunia. Humu daftarini sina wa kumwonea haya.

Jumanne, 9 Septemba
Nimepeleka barua ya kuacha. Mratibu wa kozi kaniangalia juu ya miwani. "Dada, kule ni watoto wa wakubwa. Watakumeza." Nikamwambia wakinimeza watanitapika na cheti mkononi. Akasaini.

Masomo ya mwaka huu hayahamishiki. Naanza moja. Imeniuma. Nimepiga hesabu upya, bado inalipa.

Lameck kanikuta koridoni. "Sasa nani atatufanyia hesabu?"
"Muulize aliyepongezwa."

Nimetoka getini natabasamu peke yangu.

Jumamosi, 13 Septemba
Mdogo wangu Ester kapiga simu asubuhi kutoka Mpwapwa. Habari imenitangulia nyumbani: Rehema kaacha chuo. Na kwetu ukiacha chuo, ama umefukuzwa ama una mimba. Mama hajaenda kwenye kikundi cha akina mama wiki hii. Mwaka jana, nilipoanza, alitoa mbuzi kanisani kwa shukrani. Sasa wanamuuliza kama Mungu amemrudishia mbuzi wake.

Mimi wanicheke, nimezoea. Mama hapana.

Nimepanda basi la mchana. Mama kanipokea, kaniwekea ugali. Nikamweleza yote. Akasema, "Ulichoanza ungekimaliza kwanza, mwanangu." Hajaniamini. Hilo limeniuma kuliko kicheko cha darasa zima.

Jumapili, 14 Septemba
Asubuhi nimenunua jogoo mwekundu kwa jirani, sadaka yangu. Kanisani, wakati wa shukrani, nikasimama. Nikawasalimu Kigogo, "Mbukwenyi!" Wakaitika. Kisha nikasema: sijafukuzwa, nimehama. Niliomba chuo kigumu kuliko kile, wakanipima, nikapita. Namshukuru Mungu, na kusoma nilisoma pia. Wakacheka, ila vizuri. Mama hakuinua uso.

Baada ya ibada, mnada wa sadaka nje ya kanisa. Mzee wa kanisa kamnyanyua jogoo wangu. "Huyu ni wa msomi wa Dar! Nani anaanza?" Mmoja akataja bei. Mwingine akaongeza. Halafu sauti ya Mama, kutoka nyuma kabisa.

Mama hajawahi kununua kitu mnadani. Yeye ni wa kuleta. Leo kila aliyeongeza, yeye akamzidi. Mama mmoja wa kikundi chao akashindwa kuvumilia: "Mama Rehema, unanunua kuku wa mwanao mwenyewe?"

"Ndiyo. Wa kwako ameleta nini?"

Watu walicheka mpaka mchungaji akatoka kuangalia kuna nini. Hakuna aliyeongeza tena. Mama kapita katikati yao, jogoo kwapani, kichwa juu.

Jumatatu, 15 Septemba
Basi langu ni saa nne. Mama hataki jogoo achinjwe. Kamfunga kamba mguuni, kamweka mbele ya nyumba, upande wa njia. Wanaokwenda kuchota maji wanasimama kusalimia. Anawaonyesha kuku kwanza. Kisha anawaeleza habari ya Dar, na anakitaja chuo vizuri, jina lote. Mimi niko ndani, nakunywa chai, nasikiliza.