Kengele ya Afande Imezibwa

Hasifa mwanangu, maharagwe yapo jikoni. Nimeweka jiwe juu ya mfuniko, kuku wasifunue. Usimtafute mbwa wetu Afande, nimekwenda naye Koboko kwa shangazi yako.

Asubuhi nimekuta kengele ya shingo yake imeshindiliwa nyasi. Sisi wawindaji tunaiziba hivyo tukienda porini, isishtue wanyama. Sasa nani anawinda hapa kwetu Awindiri? Afande habweki, ndivyo alivyozaliwa. Bila kengele, mtu anamchukua nami sisikii kitu. Hapa nyumbani, kuziba hivyo nilimfundisha mumeo Nasuru peke yake. Na jana alinichekea: "Mzee, mbwa huyu watu wa mjini wanamtaka!"

~~Mwambie simshuku.~~ Mwambie aje Koboko mwenyewe. Afande akimkimbilia, nitamwomba radhi. Akijificha nyuma yangu, Nasuru asiniite tena baba.

Baba yako