Kijiko cha Kwanza cha Haidari

Kiongoroni

Mwanangu Mwanawetu,

Pokea salamu. Huku tu wazima, ila ndege hawatupi nafasi. Nashinda dunguni nalinda mpunga.

Umeniandikia kwamba Haidari, tangu aanze uji, ananyonya kidogo. Unashangaa nini? Tumbo likijaa uji, maziwa yatakaa wapi? Kupungua kidogo ni kawaida. Ila bado mchanga huyo: mpe ziwa kwanza, uji ufuate. Mwambie hivyo mama mkwe wako, Bi Nasma, na bakuli lake.

Kwetu kijiko cha kwanza hulishwa na mama mzaa mama, na Bi Nasma anajua. Nilikuomba uningoje nivune. Yeye akasema, “Mtoto hangoji mpunga!” Akamlisha. Na wewe huna haya, unaniandikia eti mjukuu wangu akimwona tu yule mwanamke anafungua kinywa. Siku niliyosoma hayo sikula.

Haya, uji na uwe wake. Lakini kunyonyesha usiache. Maziwa hayo ni yangu, maana wewe nilikunyonyesha mimi. Kila akishika ziwa, mtajie jina langu.

Mimi mama yako, mwenye hasira,
Mwanamkuu