Samaki wa Nazi wa Mama wa Watu

Mjukuu wangu Khalfan,

Salamu zako zimefika. Huku Sur sote wazima, na tende za shamba la babu yako zimeanza kuiva. Nimeisoma habari ya hicho kijiji chako cha Indonesia, kwamba alfajiri watu huvua na mchana hulima mpunga. Barua nzima, na nusu yake ni sifa za samaki wa nazi wa mama mwenye nyumba unayokaa! Kisha ndiyo unaniuliza, kijiji chetu cha zamani kilikuwa hivyo hivyo?

Kilikuwa hivyo, ila sisi tulilima tende. Nilipoletwa bibi harusi kutoka Unguja, miaka ya sabini, nilipika mchuzi wa nazi, babu yako akaramba vidole. Mama yake akasusa. Aliona nimemnyang'anya mwanawe. Asubuhi yake nikamkuta jikoni, kaikalia mbuzi yangu ya kukunia nazi, hajui aanzie wapi.

"Nionyeshe," akaniambia kwa Kiarabu, bila ya kuniangalia.

Nilimcheka kimoyomoyo. Leo simcheki.

Basi muulize huyo mama mwenye nyumba wako anatia nini katika samaki wake. Lakini wallahi, usimwambie kama nimeuliza mimi.

Bibi yako wa damu.