Siku Mama Yako na Mimi Tulipofungua Skana

Yasmin wangu,

Mama yako amenifungulia mlango. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya habari za mashine yako, kabla hata ya kuniuliza kama nilijifungua salama. Nilijifungua salama. Ni msichana. Nitafika huko, lakini kwanza mlango.

Miezi minane sikukanyaga kwenu. Nikitoka kazini nilikuwa nazunguka upande wa soko ili nisipite mbele ya duka lenu la vitambaa nikamwona amekaa kaunta peke yake. Hujui aliniambia nini siku ya msiba. Wanaume walikuwa wamekwisha kukuchukua kwenda makaburini, sisi wanawake tumebaki ndani, mikeka imejaa, nami nimejibanza karibu na mlango wa jikoni. Akanitazama, akasema mbele ya wote, wala hakupaza sauti: "Wewe ndiye uliyempeleka Rwamgasa, kule machimboni." Basi. Nilikupeleka kweli, Yasmin? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nadhani tulipelekana.

Jumatatu iliyopita nipo ofisini nachapa barua, nikamwona Mzee Maganga, yule fundi wenu wa cherehani wa barazani, amesimama mlangoni na tepu yake shingoni. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mama anakuita. Amesema uje na miwani yako."

Miwani! Nilifikiri labda kuna karatasi ya kusaini, labda ya polisi. Nilipofika nikapiga hodi kwenye mlango wa uani, ule tuliokuwa tunapita mimi na wewe, na akafungua mwenyewe. Amekonda. Nywele zake za mbele zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ingia. Mashine ya Yasmin inaharibu picha."

Ndivyo alivyosema, kama vile nilikuwa nimetoka hapo jana.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kaka yako Altaf, ambaye hakuwahi ndege ya kuja kukuzika, alipiga simu kutoka Kanada akaomba picha yako. Hakutaka ile ya kitambulisho. Alitaka ile uliyokaa juu ya kaunta katikati ya majora ya vitambaa, umejaza karanga mdomoni, unacheka mpaka mtandio umeanguka. Picha ni hiyo hiyo moja, mkanda wake ulipotea zamani. Mama akasema haitumi. "Nikiitia kwenye bahasha ikapotea posta, mimi nitabaki na nini?" Akamwita mwalimu mmoja wa kompyuta wa mtaa wa pili, akaiskani kwa mashine ile ile aliyokuletea Altaf. Ikatoka na ukungu. Uso wako wote ulikuwa kama umefunikwa na moshi, na mstari mwembamba ukashuka kutoka juu mpaka chini, ukapita juu ya jicho lako la kushoto. Mwalimu akasema mashine imekufa, anunue nyingine.

Mama alinionyesha ile karatasi iliyochapwa. "Hata picha haitaki," alisema.

Mimi nikajua pale pale ni nini, kwa sababu wewe ulinionyesha. Unakumbuka? Tulikuwa tunaskani ile picha ya Mama Shija, ya mwanawe aliyefukiwa na duara, shimo la dhahabu, ukainua mfuniko ukaelekeza tochi kwa ubavu, ukasema, "Angalia, uchafu uko upande wa ndani. Plastiki ikipata joto la taa inatoa mvuke, unaganda chini ya kioo. Siku moja tutaifungua, Nkwimba, usiwe mwoga." Tukasema baada ya Rwamgasa. Tulisema mambo mengi baada ya Rwamgasa.

Basi nikamwambia Mama kwamba mashine haijafa. Kioo kinataka kufutwa kwa ndani. Akaniuliza kama najua kuifungua. Nikasema sijui, lakini nimeelezwa na Yasmin. Ilikuwa mara ya kwanza jina lako kutoka mdomoni mwangu ndani ya nyumba hiyo tangu uondoke. Akasema, "Haya."

Chumba chako hakijaguswa. Miwani yako ipo, diski zako zipo ndani ya kile kisanduku cha biskuti, na zile bahasha za akina mama wa Rwamgasa zipo pale pale, zimefungwa kwa mpira. Nilitaka kulia nikajizuia, maana nilikuwa nimeitwa kazi. Nikachomoa nyaya. Nikautoa mfuniko. Skrubu zilikuwa mbili tu, nyuma, zimezama ndani kabisa, na bisibisi ya kawaida haikuingia. Mzee Maganga akaleta ile ndogo ya cherehani yake, ikaingia barabara. Nikainua fremu pamoja na kioo chake polepole, nikiogopa kukata kitu. Ndani hamna mambo mengi kama nilivyodhani. Kuna kigari kilichobeba taa na vioo vidogo, kuna mkanda wa kukivuta, na vumbi. Vumbi letu la Shinyanga, jekundu, limepenya mpaka humo. Nikafunika tundu lote kwa taulo safi ili lisiingie jingine, tukakilaza kioo juu ya kitanda chako, tumbo juu.

Mama akafunga pazia, akashika tochi. Mwanga ulipopita kwa ubavu tukaona: utando, kama ule wa mafuta kwenye dirisha la jikoni.

Nikamwaga spiriti kidogo kwenye kitambaa nikafuta. Ilipokauka ikaacha mapinde mapinde, kama mtu amefyagia uwanja. Nikafuta tena. Ikawa vibaya zaidi, na nyuzi za kitambaa zikabaki juu. Nikasema moyoni, sasa nimeharibu na hiki pia. Nadhani nililisema kwa sauti, maana Mama alinitazama.

Akaweka tochi mkononi mwangu. "Nipe. Kabati za duka hili nimezifuta vioo miaka thelathini."

Akashuka dukani, nikamsikia akikata kitambaa. Nilichungulia ngazini. Alipita lile jora la bafta, lile la sanda, bila kulitazama, akakata melimeli, kile kitambaa chembamba laini, urefu wa mkono mmoja. Akarudi nayo na chupa ya maji ya betri aliyoazima kwa jirani mwenye gari. "Maji ya bomba yana chumvi," alisema. "Yanaacha alama." Kwanza alipitisha spiriti, kisha melimeli yenye maji ya betri, kisha melimeli kavu, na kila mpito ulikwenda upande mmoja tu, hakuzungusha. Ungemwona, Yasmin. Ulikuwa ukisema mama yako anaiogopa kompyuta. Hakuogopa chochote.

Akiwa anafuta, bila kuniangalia, akauliza, "Mlilala wapi kule?"

Nilijua siku moja angeuliza. Nilikuwa nimetayarisha majibu mengi mazuri, yote yakanikimbia. Nikamwambia ukweli. Kwamba ulimdanganya tunakwenda Mwadui kwa shangazi yangu, nami nikaubeba uongo huo. Kwamba tulikuwa tumetengeneza picha za akina mama wale, wapishi wa machimboni, ambao waume na watoto wao wamebaki ardhini na hawana cha kutazama ila vipicha vilivyochanika, nawe ukasema hutaki kuzituma kwa dereva, unataka kumpa kila mmoja mkononi. Nikamwambia Mama Shija aliishika picha ya mwanawe kwa mikono miwili, akasema "wabeja, mayu, wabeja", asante mama, mpaka sauti ikamwisha. Akina mama wengine wakakimbilia kwetu na picha zao ili nazo zitengenezwe, tukalala siku mbili badala ya moja.

"Nimeuliza mlilala wapi."

"Gesti, Mama. Chumba kimoja, vitanda viwili. Chandarua kilikuwa kimoja."

Mkono wake ukasimama.

Nikaendelea kwa sababu nikinyamaza nisingeweza tena. Nikasema nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, na ukimtoa mume wangu, ulikuwa unajua wewe tu. Ulikifunga chandarua juu ya kitanda changu, nikakataa, tukagombana, ukasema, "Humo mko wawili, mimi niko mmoja, hesabu rahisi." Ukajifunika mtandio ukalala. Usiku wa pili hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye homa ikakupanda, na siku ya nne…

Sikumaliza. Mama alianza tena kufuta, pale pale palipokuwa pameshatakata, kwa muda mrefu. Kisha akaketi pembeni ya kitanda chako, melimeli mapajani.

"Nilikuwa nimemkasirikia," alisema. "Mtoto wangu ananiaga kwa uongo, anakwenda kulala ovyo porini kama hana kwao, anarudi kufa. Miezi minane nikisali namwombea, na bado nimemkasirikia. Nikaona aibu kumkasirikia maiti. Nikakukasirikia wewe."

Nikasema, "Alikuwa na sababu, Mama."

"Ndiyo. Sasa naisikia." Akajifuta uso kwa ile melimeli yenye spiriti, macho yakamwasha, akaanza kulia na kucheka pamoja, nami vivyo hivyo. Tulilia, Yasmin. Mzee Maganga aliacha kukanyaga cherehani kule chini.

Mstari nao tuliupata. Kwenye ukingo wa fremu, kwa ndani, kuna ukanda mweupe ambao mashine huusoma kwanza kabla ya kuanza picha. Hapo ndipo palikuwa na punje nyeusi moja, ndogo kuliko ufuta. Nilivaa miwani, nikaitoa kwa ncha ya melimeli yenye maji, nikibana pumzi nisiukwaruze. Tukarudisha kioo, skrubu mbili, mfuniko, nyaya. Taa ikawaka. Kigari kikatembea na ile sauti yake uliyokuwa ukiigiza.

Picha ilipojitokeza kwenye kompyuta, mstari kwa mstari kutoka juu, tulikuwa tumeshikana mikono bila kujua nani alianza. Majora yakatokea na rangi zake. Nywele. Paji la uso. Macho yote mawili. Halafu karanga! Punje moja imeganda kwenye mdomo wako, mimi sijawahi kuiona miaka yote hiyo. Mama akainama karibu kabisa. "Siku hiyo nilimgombeza," alisema. "Nilimwambia unamwagia vitambaa vya wateja maganda." Akaweka kidole kwenye shavu lako, akakiacha hapo.

Tumemtumia Altaf. Amepiga simu. Alichosema ni chake na mama yake.

Kesho yake nilimpeleka mtoto, kwa maana Mama aliniambia, "Mlete nimwone huyo." Alimpokea, akamlaza mapajani, akamfungua nguo akamkagua vidole vya mikono na miguu kama mtu anayepokea mzigo dukani. Tangu alipozaliwa hatujampa jina la kudumu, tulikuwa tunamwita Kabula kwa sababu alikuja na mvua za mwisho. Nikamwambia Mama kwamba mimi na mume wangu tumekubaliana, akiridhia, mtoto aitwe Yasmin.

Mtoto akamshika bangili.

"Hapana," alisema. "Hilo jina bado nalitumia. Naliita humu ndani kila siku. Mwache awe Kabula."

Mwanzoni iliniuma, nakuambia kweli. Nilikuwa nimejiandalia furaha fulani. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nimembeba mgongoni, nikaona Mama ana haki. Mtoto huyu hadaiwi kuwa wewe. Na nafasi yako haijawa wazi hata mtu mwingine aikalie. Ni Kabula, basi, na ana sauti kubwa, na akilishwa anapiga mateke.

Sasa nikuahidi, kisha nikuache. Bahasha zilizobaki ni kumi na moja. Jana nilikaa mezani kwako na kuzifungua zote, Mama akiwa amejiegemeza kwenye mlango. Mikono yangu si myepesi kama yako kwenye kompyuta, na pua ya mume wa Mama Nyanzala nimeirudia mara sita bado haijawa pua. Lakini nitazimaliza. Nitakuwa nakuja kila Jumamosi asubuhi duka likifunguliwa. Zikikamilika nitazipeleka Rwamgasa mwenyewe, nimpe kila mmoja mkononi kama ulivyotaka, na safari hii Mama yako atajua niendako, siku nitakayolala na siku nitakayorudi. Wakiniuliza yule dada mwingine yuko wapi, nitawaambia. Sitawaficha.

Mtoto ameamka, nasikia anaanza. Pumzika, rafiki yangu, huko uliko pawe pana na pepesi. Usimwogopee Mama. Leo nimemwacha jikoni amejipakulia wali mwenyewe, akala, akaongeza.

Wako,
Nkwimba