Kwa Muramu Fideli, Kuhusu Yule Kamongo wa Rweru

Mpendwa muramu Fideli,

Wewe ndiye uliyenifundisha neno hilo. Siku mliyofunga ndoa na dada yangu Gaudensia nilikuita shemeji, kwa Kiswahili changu nilichotoka nacho Mwanza, ukacheka ukasema shemeji ni neno la watu wa redioni, hapa mume wa dada anaitwa muramu, naye humwita kaka wa mkewe vivyo hivyo. Basi nimeendelea kukuita hivyo hata miaka hii yote ambayo hukuwapo kuitika.

Sijui barua hii naituma wapi. Dereva mmoja wa malori ya Kobero, mpakani na Tanzania, aliniambia alikuona Uvira kwenu, umenenepa, unauza simenti. Mwingine akasema uko Kigoma. Wa tatu aliapa kwamba siku ile uliyotoka hukufika hata mpakani. Niliwasikiliza wote watatu na sikumwamini hata mmoja, maana kila mmoja alikuwa akinitazama usoni kwanza aone ninataka jibu gani. Ndiyo maana naiandika wazi, aisome yeyote, huenda mmoja wa watakaoisoma akawa wewe.

Tulijuana hapa Gitega, kwenye kibanda changu cha baiskeli, njia ya kwenda Giheta. Ulileta baiskeli yenye rimu iliyopinda na katoni mbili za sabuni za miche nyuma. Nikiwa nanyoosha rimu ukaniambia kwamba kambale wanapenda sabuni kuliko nyungunyungu. Nilidhani unanitania kwa sababu nilikuwa mgeni, nimerudi juzi tu mwaka ule ambao wengi tulirudi tukiamini mambo yamekwisha. Jumapili ukanipeleka mto Ruvubu, ukakata kipande cha sabuni kama punje ya mahindi, ukakichomeka kwenye ndoano. Tulirudi na kambale wanne. Siku hiyo nilijilaumu kwa kukushuku bure. Ningelikumbuka hilo baadaye, barua hii nisingeiandika.

Vita vilipoanza tulihamia Muyinga sote, mimi, wewe na Gaudensia, kwa hesabu moja tu: mambo yakiharibika kabisa, Tanzania iko karibu. Ulipata sehemu ya kuuzia sabuni na chumvi kwenye soko la Gashoho, mimi nikafungua kibanda kingine. Neema alizaliwa huko. Unakumbuka jinsi watu walivyokuwa miaka ile. Mama wa watu akinunua chumvi kilo mbili badala ya moja, jirani aliuliza anampikia nani. Mtu akichelewa kurudi kutoka shambani, kesho yake salamu zilikuwa fupi. Hatukuwa wabaya zaidi ya watu wengine, ila kila mtu alikuwa na jicho moja mlangoni kwa mwenzake.

Tulikuwa na ziwa Rweru, hata hivyo. Mara mbili kwa mwezi tulipanda baiskeli hadi Giteranyi, tukalala kwa mzee Bukuru, mvuvi wa ndoano aliyekuwa na nyumba karibu na maji, na Jumapili tukashinda kwenye mafunjo. Damasi naye alikuja mara nyingi, yule aliyekuwa katika kundi la raia waliopewa bunduki kulinda vilima. Aliiweka bunduki yake juu ya majani akavua kama sisi, na alikuwa hodari wa kusubiri.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukulijua. Wiki kadhaa kabla ya Jumapili ile ya samaki, Gaudensia alinijia kibandani akiwa na shati lako mkononi. Alisema kila mwisho wa mwezi unapotea siku mbili, unasema unafuata chumvi, na mashati yako yanarudi yamefuliwa. Akaninusisha. Wewe muuza sabuni, shati lako lilinukia sabuni ambayo hukuwa ukiiuza. Aliniomba nikuulize, kwa heshima, kama mtu na muramu wake. Nikamwahidi. Lakini sikukuuliza. Nilianza kukutazama. Nilitazama viatu vyako, nilitazama ulivyokuwa ukimbeba Neema, nikaamua moyoni kwamba una mwanamke Kabanga, ng'ambo ya mpaka wa Kobero, upande wa Tanzania, na kwamba siku moja nitakuumbua.

Jumapili ile mimi nilikuwa nimechelewa, nilikuwa na homa tangu Ijumaa. Wewe ulitangulia peke yako. Nilipofika ziwani saa nne asubuhi niliwakuta watu kama kumi wamesimama duara, na wewe katikati umechuchumaa, suruali imeloa hadi kiunoni, umelaza kwenye majani ya migomba samaki ambaye hakuna aliyewahi kumwona pale. Alikuwa mrefu kutoka bega langu hadi chini, mnene kama paja, na mahali pa mapezi alikuwa na vitu vyembamba kama kamba za viatu. Alikuwa bado anavuta pumzi, na sauti yake ilisikika.

Mabishano yalikuwa yameshapamba moto. Mmoja alisema huyo ni nyoka na atupwe. Bukuru alisema amevua ziwa lile tangu utotoni na baba yake kabla yake, hajamwona, basi ni kambale aliyezeeka akaharibika. Mwingine alisema ziwa limeanza kulisha samaki wake vitu vingine tangu vita vianze upande ule na huu, na hapo wengi walitema mate. Wewe ulikuwa unatabasamu tu, unaonyesha kwa mikono jinsi alivyokuvuta kwenye mafunjo, jinsi ulivyomwinda tangu mapambazuko. Ulikuwa na furaha ya mtoto. Uliponiona ukasema, "Muramu, we umesoma. Waambie hii iko nini."

Nilimjua. Mwanza tulimla, sokoni anauzwa akiwa amekatwa vipande. Ningeweza kusema jina lake nikaishia hapo. Lakini nilinusa ile sabuni tena, nadhani ilikuwa kichwani mwangu tu, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu ni kamongo. Anatoka Tanzania. Kwenye ziwa hili hayupo."

Watu walicheka kwanza. Mmoja alisema basi umemnunua sokoni ukaja kutudanganya. Nilitaka hivyo hasa, ucheke kwa aibu, ujue kwamba mimi najua unapokwenda. Sikuwa nafikiria vita. Damasi ndiye aliyefikiria, maana miaka ile aliyevuka mpaka alihesabiwa mpelelezi wa waasi. Hakucheka. Alikunja mshipi wake taratibu, akachukua bunduki yake, akauliza ni nani aliyekuona ukimvua. Hakuna aliyekuona. Akauliza ulilala wapi usiku wa kuamkia siku hiyo. Ukasema kwa Bukuru. Bukuru akasema kweli ulilala, ila alipoamka hukuwapo.

Tukapelekwa kwenye kambi ndogo ya wanajeshi iliyokuwa juu ya ziwa, wewe, mimi, Damasi, na samaki akiwa amebebwa kwenye mti kama mgonjwa. Mkubwa wa pale hakuwa mtu mkali. Alikuuliza, ukajibu, "Mi nimeivua hapa, kwenye mafunjo. Sina jibu ingine." Akakuuliza kwenu ni wapi, ukasema Uvira, upande wa Kongo, akaandika. Kisha akanigeukia mimi, muramu wako, niliyekulia Tanzania, mtu anayejua samaki, akaniuliza kama nina uhakika.

Ulinitazama. Ukasema polepole, "Muramu, waambie basi 'pengine'."

Neno moja tu uliniomba. Na mimi kwa ujinga, na kwa hofu pia, maana nilishaona kwamba nikirudi nyuma watauliza kwa nini nilisema mwanzo, nikasema, "Nina uhakika."

Ulikaa siku tatu kwenye chumba cha mahabusu cha komine, ofisi ya serikali ya pale. Walitaka uwaambie ulikuwa ukimpelekea nani habari ng'ambo. Gaudensia alishinda mlangoni na Neema mgongoni hadi padri alipokwenda kukusemea ukatolewa. Ulirudi ukiwa unachechemea, na kucha mbili za mkono wa kushoto hazikuwapo. Nilikuja kukuona. Ulikuwa umekaa uani unakata miche ya sabuni kwa waya kama kawaida. Sikujua nianzie wapi, nikasema tu kwamba sikutaka mambo yafike pale. Hukuinua uso. "We hukuniuliza," ulisema. "Nyumba yako iko hapa, nyumba yangu iko hapa. Hukuniuliza."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Wiki iliyofuata ulimwambia Gaudensia unakwenda Kobero kufuata chumvi, ukambusu mtoto, ukaondoka. Damasi alikuwa zamu barabarani siku hiyo. Nilimuuliza, akasema ulipita ukamsalimu. Mpaka leo sijui kama ninamshuku kwa sababu nina sababu, au kwa sababu nataka awepo mtu mwingine wa kushukiwa.

Miezi sita baadaye alikuja mwanamke mzee kutoka Kabanga, akiuliza nyumba ya Fideli muuza sabuni. Alikuwa mama yako. Alikuwa amekimbia Uvira, akavuka ziwa kubwa la huko, akahifadhiwa na ndugu yake Kabanga bila karatasi yoyote. Wewe ulikuwa ukienda kumwona kila mwisho wa mwezi na ulificha, kwa sababu mwenye jamaa ng'ambo alihesabiwa kuwa wa ng'ambo. Alituuliza mbona mwanawe haji tena kufuliwa mashati. Gaudensia alitoka nje. Mimi ndiye niliyebaki na mama yako, nikamwambia kwamba umesafiri.

Kwa hiyo, muramu, ulikuwa kweli ukivuka. Hilo nililikisia sawasawa. Niliongopa juu ya samaki tu, na sikujua kwamba naongopa.

Nilikuja kujua msimu wa pili wa mvua tangu uondoke. Nilikuwa Rweru, kwenye mafunjo yale yale, na mzee Bukuru hatua chache kando. Mshipi ulivutwa mpaka ukanikata kidole. Tulisaidiana. Samaki alipotokeza kichwa na kuvuta pumzi, Bukuru aliniachia mshipi akarudi nyuma. Alikuwa kamongo, mdogo kuliko wako, lakini kamongo. Baadaye sana mtu wa mambo ya uvuvi alinieleza kwamba Rwanda waliwahi kuwatia kwenye ziwa moja, nao samaki wakafuata mito na vinamasi hadi kwetu. Siku ile sikuhitaji maelezo.

Bukuru alisema tumpeleke kambini mara moja, wamwone, jina lako lisafike. Alizungumza Kirundi, bila kupandisha sauti, na alikuwa tayari ameshakata mti wa kumbebea. Nikafikiria yule mkubwa wa kambi, na ile kalamu yake. Nikafikiria atakavyoniuliza nani aliniona nikimvua, na kwamba nimekulia Tanzania. Nikakata mshipi. Samaki akazama. Bukuru alinitazama kwa muda, akaokota ndoano zake akaenda, na tangu siku ile hakunipa tena mahali pa kulala wala salamu.

Ile ya kwanza niliifanya kwa kushuku. Hii ya pili niliifanya nikiwa najua, na ndiyo inayonila.

Vita vilipokwisha tulirudi Gitega. Gaudensia hajaolewa tena. Anauza mihogo na maharage, na kila akisikia Mkongomani anaongea sokoni hugeuka. Miaka yote hii sikumwambia habari ya samaki wa pili. Neema amekua, anafundisha shule Giheta, ana vidole virefu kama vyako. Amepata mchumba, kijana wa Ngozi, na wazee wa kijana watakuja baada ya mavuno kujitambulisha. Hapa kwetu hakuna ndugu yako hata mmoja. Kwa hiyo waliniomba mimi nikae kwenye kiti cha baba yake, niwapokee wageni na kuwajibu. Nilikubali haraka, kisha kwa siku nne sikuweza kula.

Jumamosi niliwaita wote wawili, dada yangu na binti yako, nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa. Ya shati, ya kusema nina uhakika, ya kukata mshipi. Gaudensia alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, akasema, "Mi hapana. Mwandikie yeye," akainuka akaingia ndani. Bado hajaongea nami, ingawa chakula ananiwekea.

Neema ndiye aliyebaki. Aliniuliza maswali ya mwalimu, moja baada ya jingine: samaki alikuwa na urefu gani, baba alikuwa amevaa nini, alisema "pengine" kwa sauti gani. Nilimjibu yote. Nilitegemea alie au anifukuze. Akasema, "Siku ile we mjomba utakaa kwenye kiti ya mjomba. Ya baba tutaiacha hivyo hivyo. Wakituuliza, we ndiyo utawaeleza kwa nini iko tupu."

Nimekubali, Fideli. Nitawaeleza mbele ya wazee wa Ngozi na mbele ya majirani, kwa jina langu na lako. Kama u hai na maneno haya yamekufikia, njoo baada ya mavuno. Nyumba iko nyuma ya soko, uliza Gaudensia wa mihogo. Ukifika na hutaki kuniona, mwambie mtu anitangulizie habari, nami nitatoka kwa mlango wa nyuma kabla hujaketi.

Ni mimi muramu wako, kaka yake Gaudensia,
Gitega